Mwanafunzi Aliyekuwa na Deni la Kijiji

Katika jamaa nyingi za askari na polisi yuko kijana mmoja ambaye masomo yake yamekuwa ni shughuli ya nyumba nzima. Baba hutenga sehemu ya mshahara wake kila mwezi, mama huuza mboga au maandazi, na nyanya aliyebaki kijijini huuza kuku wake ili nauli ipatikane. Kijana huyo akifika chuo kikuu watu hushangilia. Lakini akileta habari kwamba anasomea usanifu wa majengo, na ya kuwa masomo hayo yatachukua miaka mitano au sita, na zaidi ya hapo akitaka shahada ya juu, wengi nyumbani hutazamana. Huulizana: Je, kujenga nyumba nako kunahitaji miaka yote hiyo? Mbona fundi wa mtaani hakuingia chuo chochote, na nyumba zake zimesimama?

Swali hilo si la kipuuzi, wala halipaswi kujibiwa kwa dharau. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kujua analipia nini. Njia moja njema ya kumjibu ni kutazama maisha ya mwanafunzi mmoja wa fani hiyo, Mwafrika aliyezaliwa katika nyumba ya udongo, ambaye kijiji chake kilimwuliza swali lile lile, tena kwa uchungu. Jina lake ni Diébédo Francis Kéré.

Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, yapata kilometa 200 kutoka Ouagadougou, mji mkuu wa nchi ambayo zamani hizo iliitwa Volta ya Juu na ambayo tangu mwaka 1984 inaitwa Burkina Faso. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Gando wakati huo haikuwa na shule, wala umeme, wala maji safi ya bomba. Mkuu huyo alitaka mwanawe wa kwanza ajue kusoma, ili apate mtu wa kumsomea na kumfasiria barua zake. Hivyo Francis, akiwa na umri wa miaka saba tu, aliondoka kwa wazazi wake akaenda kukaa na ndugu katika mji wa Tenkodogo. Akawa mtoto wa kwanza wa Gando kuingia darasani.

Mambo mawili ya utotoni hayakumtoka moyoni, na yeye mwenyewe amepata kuyasimulia mara nyingi. La kwanza ni chumba cha nyanya yake, ambamo watoto walikusanyika usiku penye mwanga hafifu kusikiliza hadithi, wakisogeleana huku sauti ya bibi kizee ikiwazunguka. Hapo ndipo alipohisi kwa mara ya kwanza kwamba chumba kinaweza kumkumbatia mtu. La pili ni darasa lake la Tenkodogo, ambamo watoto zaidi ya 100 walibanana katika joto kali, hewa ikiwa chache na mwanga haba. Mtoto alisoma huku jasho likimtiririka. Akajiwekea nadhiri kwamba siku moja atajenga shule zilizo bora kuliko ile.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ndilo kiini cha habari hii. Kila likizo ilipokwisha, kijana Francis alipaswa kupita nyumba hata nyumba kuaga watu kabla ya kurudi mjini. Katika kila ua wanawake walifungua mafundo ya nguo zao, wakatoa sarafu iliyobaki, sarafu ya mwisho, wakamtia mkononi. Kijana alistaajabu. Siku moja alimwuliza mama yake kwa nini wanawake wote hawa wanampenda kiasi hicho. Mama akamweleza kwamba wanachangia masomo yake, wakitumaini kwamba atafaulu, na kwamba siku moja atarudi kuifanya hali ya kijiji iwe njema zaidi. Basi tangu siku hiyo Francis alijua kwamba ana deni. Deni hilo halikuandikwa katika karatasi yoyote, wala hakuna mahakama ambayo ingemdai, lakini lilikuwa zito kuliko mkopo wa benki.

Baada ya shule alijifunza useremala. Mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 20, alipata nafasi ya kwenda Berlin, Ujerumani, kuendelea na ufundi huo. Mchana alijifunza kutengeneza mapaa na samani. Usiku aliketi darasani kumaliza masomo ya sekondari. Mtu aliyepata kufanya zamu ya lindo na kisha akaketi kusoma kwa ajili ya mtihani anajua ugumu wa maisha ya namna hiyo. Miaka kumi ilipita. Mwaka 1995 alipata msaada wa masomo katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akaanza kusomea usanifu wa majengo. Alikuwa na miaka 30. Watu wengi katika umri huo wamekwisha kuacha kufikiria habari za shule. Yeye ndipo alipokuwa anaanza.

Sasa inafaa kueleza ni kitu gani anachojifunza mwanafunzi wa fani hii. Watu wengi hudhani kwamba kazi yake ni kuchora ramani nzuri na kuwapa mafundi. Kuchora kupo, tena kwa wingi. Mwanafunzi hukesha usiku akichora, akakata makaratasi magumu na vijiti kutengeneza nyumba ndogo ya mfano, na asubuhi yake akasimama mbele ya walimu na wenzake kujibu maswali makali: Kwa nini mlango uko hapa? Jua la saa tisa alasiri litaingia wapi? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Mara nyingi kazi ya majuma matatu hukataliwa kwa maneno machache, naye hulazimika kuanza upya. Anajifunza uzito ambao ukuta unaweza kuubeba, jinsi upepo unavyopita katika chumba, jinsi bati linavyopokea joto na udongo unavyolizuia, gharama ya kila kitu, na sheria za miji. Zaidi ya yote, anajifunza kutazama jinsi watu wanavyoishi: mama anapikia wapi, watoto wanachezea wapi, mgeni anapokewa wapi, na mgonjwa analala wapi. Fundi hodari anajua kujenga nyumba ile aliyoizoea. Msanifu anatakiwa ajue kufikiria nyumba ambayo bado haijapata kujengwa, na awe na hakika kwamba haitawaangukia watu.

Kwa desturi, mwanafunzi kwanza humaliza masomo, akapata shahada, akaajiriwa, na mwisho, akijaliwa, hufikiria kujenga kitu kwao. Kéré hakungoja. Habari zilimfikia kwamba shule ya Gando ilikuwa katika hali mbaya. Alikuwa bado mwanafunzi, hana ofisi, hana mali, hana jina. Hata hivyo mwaka 1998 aliunda chama cha kuchangisha fedha, ambacho jina lake la Kijerumani lilikuwa na maana ya matofali ya shule kwa ajili ya Gando. Aliwaomba wanafunzi wenzake wapunguze kununua kahawa na sigara, na fedha hizo wazitoe kwa ajili ya shule. Haba na haba hujaza kibaba. Sarafu za wanawake wa Gando zilimfikisha Ulaya. Sasa sarafu za vijana wa Ulaya zilianza kwenda Gando.

Alipopeleka habari hiyo kijijini watu walifurahi mno. Kisha akawaambia kwamba shule hiyo itajengwa kwa udongo. Furaha ikatoweka. Wazee na vijana wakashangaa, wengine wakaudhika. Kwa miaka mingi walikuwa wamemngoja mtoto wao arudi na elimu ya Wazungu, na kila mtu alijua kwamba majengo ya Wazungu ni ya saruji na vioo. Udongo walikuwa nao tangu enzi za mababu. Nyumba ya udongo haiwezi kustahimili msimu mmoja wa masika bila kukarabatiwa. Je, ni kwa ajili ya udongo huu kijana alikaa Ulaya miaka yote hiyo, badala ya kushika jembe pamoja na wenzake? Je, sarafu zile za mwisho zilipotea bure?

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wake wa kweli, nao ulikuwa mgumu kuliko wowote aliofanya Berlin. Angeweza kujenga kwa saruji, akapata sifa siku ile ile. Lakini alijua mambo ambayo watu wake hawakupata nafasi ya kuyajifunza. Saruji ni ghali, na kuifikisha kijijini ni gharama nyingine. Chumba cha saruji chenye paa la bati juu ya vichwa vya watoto, katika nchi ambayo joto hupita nyuzi 40, ni tanuri. Naye alikuwa amekwisha kukaa katika tanuri hiyo utotoni. Udongo, kwa upande wake, hukawia kupata moto, na uko tele chini ya miguu ya kila mtu. Ubaya wake ni mmoja tu, yaani adui yake ni maji. Basi kazi ya msanifu haikuwa kuukimbia udongo, bali kuukinga na maji.

Hakuwaamrisha watu, ijapokuwa alikuwa mwana wa mkuu wa kijiji. Aliketi nao, akazungumza nao, akasikiliza hofu zao, akawaonyesha mifano. Katika ujenzi wake huko kijijini, yeye na vijana wamepata kupanda juu ya tao la matofali ya udongo na kurukaruka, watu wakitazama, na tao halikuvunjika. Wakati huo huo serikali ya Burkina Faso ilisaidia kupitia idara yake iliyohusika na vifaa vya ujenzi vya kienyeji, ambayo iliwafundisha wanakijiji kufyatua matofali ya kushindilia, yenye udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Polepole watu walikubali.

Kazi ilipoanza, ilikuwa kazi ya wote. Watoto waliokota mawe ya msingi. Wanawake walibeba maji ya kufyatulia matofali. Vijana walijifunza kukata nondo na kuzichomelea kwa mashine ndogo, wakatengeneza kenchi nyepesi, kwa kuwa kijijini hapakuwa na winchi ya kunyanyulia vitu vizito. Hata katika sakafu, wanawake walitumia ufundi wao wa asili, wakiutwanga udongo kwa mwendo mmoja saa baada ya saa mpaka ukawa mgumu, kisha wakausugua kwa jiwe mpaka ukalainika.

Shule ilikamilika mwaka 2001. Ina madarasa matatu yaliyopangwa kwa mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa pana uwazi wenye kivuli ambapo watoto hupumzika au kufundishwa nje. Kuta ni nene. Juu ya kila darasa pana dari la matofali yaliyolala juu ya nondo, na dari hilo lina matundu. Bati halikulazwa juu ya dari, bali limeinuliwa juu zaidi kwa zile kenchi za nondo, na limetokeza mbali nje ya kuta. Hivyo mvua haifiki ukutani, na jua haliupigi ukuta moja kwa moja. Hewa baridi huingia kwa madirisha ya chini. Hewa ya moto hupanda, hupita katika matundu ya dari, na upepo unaopita kati ya dari na bati huichukua. Hakuna panka, hakuna umeme, hakuna mashine, na watoto hukaa katika ubaridi. Masika yalikuja, na kuta zikasimama.

Ikumbukwe kwamba wakati huo mjenzi wa shule hii alikuwa bado hajamaliza chuo. Shahada yake ya juu ya usanifu aliipata mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 39. Mwaka huo huo shule ya Gando ilipewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo, ambayo ni mojawapo ya tuzo kubwa duniani katika fani hiyo. Mwaka 2005 alifungua ofisi yake Berlin. Kijijini, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka 120 hadi kufikia 700, nyumba za walimu zikajengwa, na mwaka 2008 madarasa yakaongezwa. Aidha, vijana waliojifunza ufundi katika ujenzi huo walipata kazi za ujira mahali pengine, na hawakulazimika tena kukimbilia mijini bila utaalamu wowote.

Tangu hapo amejenga zahanati ya upasuaji katika mji wa Léo na shule ya sekondari katika mji wa Koudougou, zote za nchini kwake, na mwaka 2017 alijenga banda la mapumziko katika bustani mashuhuri ya London. Afrika ya Mashariki nayo imepata sehemu yake: kando ya Ziwa Turkana, nchini Kenya, kuna chuo cha vijana wanaojifunza kazi za kompyuta, kilichokamilika mwaka 2021. Alikijenga kwa mawe ya mahali hapo, na akakiwekea minara mirefu ya kutolea hewa ya moto, mfano wa vichuguu vya mchwa vilivyo vingi katika nchi hiyo kavu. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, inayotolewa tangu mwaka 1979 na kuhesabiwa kuwa ni heshima ya juu kabisa kwa msanifu wa majengo. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Huenda mtu akauliza: Je, huyu alirudi kweli, hali ofisi yake iko Berlin hadi leo? Swali hilo linazigusa jamaa nyingi ambazo watoto wao wako mbali. Jibu liko katika kazi yenyewe. Wako watu wanaorudi kwa miili, wakakaa kijijini bila faida kwa yeyote. Na wako wanaokaa mbali na kila mwaka mikono yao ikaonekana nyumbani. Wanawake wa Gando hawakumwomba mtoto wao aje kuketi kando yao. Waliomba hali ya kijiji ibadilike. Kwa kipimo hicho deni limelipwa, na limelipwa kwa namna ambayo mlipaji hawezi kujigamba, kwa maana kila aliyedai alishika tofali kwa mkono wake mwenyewe.

Katika nchi za Afrika ya Mashariki usanifu wa majengo hufundishwa katika vyuo vikuu kama vile Nairobi, Makerere, Ardhi cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Rwanda. Mzazi aliye na kijana katika vyuo hivyo asione kwamba fedha zake zinaishia katika makaratasi na kalamu. Lakini pia asingoje kimya mpaka siku ya kuvaa joho. Kijana akija likizo, apelekwe kuitazama nyumba ya bibi yake inayovuja, shule ya kata ambayo watoto wake husinzia kwa joto, na zahanati ambayo wagonjwa wake hungojea juani. Aulizwe: Katika yale unayosoma, lipo lipi la kufaa hapa? Kama hana jibu mwaka huu, swali hilo litamfuata mpaka chuoni, nalo litamfundisha.

Jamaa inayotaka kujenga nyumba ndogo nyumbani, kwa ajili ya siku za kustaafu, inaweza nayo kuchukua mafunzo machache kutoka Gando. Msingi uinuliwe juu ya ardhi kwa mawe, ili maji ya mvua yasiulambe ukuta. Paa litokeze nje ya kutosha kuukinga ukuta. Madirisha yaelekeane, ili hewa iingie upande mmoja na itoke upande wa pili. Kati ya dari na bati iachwe nafasi yenye matundu ya kutolea hewa ya moto, na matundu hayo yafunikwe kwa wavu wa kuzuia popo na ndege. Matofali ya udongo yenye saruji kidogo yashindiliwe vizuri, yamwagiliwe maji na kufunikwa kwa siku kadhaa kabla ya kutumika. Kabla ya kuanza, fundi anayejua udongo wa mahali hapo aulizwe, kwa kuwa udongo haufanani kila mahali. Mambo haya hayahitaji utajiri mkubwa. Yanahitaji kufikiri kabla ya kuchimba.

Askari anayelala katika nyumba ya bati anajua usiku wa joto ulivyo, na mke wake anajua jinsi mtoto mchanga anavyolia katika chumba kisicho na hewa. Watu hao hawahitaji kuelezwa kwa nini elimu ya ujenzi ni elimu ya maisha. Nao ndio hasa wanaostahili kumwuliza kijana wao msanifu, siku atakapofungua ramani yake ya kwanza mezani, si kama ramani hiyo ni nzuri, bali kama mtoto atalala humo bila kulia.